Mshtuko wa moyo visiwani Lamu: saa ya kwanza kasualti tuipange vipi?

Muuguzi wa Kasualti (Lamu)

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Nauliza kwa ajili ya kasualti ya hospitali ndogo huku visiwani. Vilivyopo ni ECG moja ya njia 12, yaani mashine ya kuchora umeme wa moyo (nzima, ila karatasi huisha bila mtu kujua), mashine moja ya kushtua moyo, oksijeni ya mtungi, aspirini, klopidogreli na enoksaparini (zote za kuzuia damu kuganda), na streptokinesi (ya kuyeyusha donge la damu) inayokuja na kukatika. Daktari wa moyo hakuna. Usiku zamu ni afisa wa kliniki mmoja na wauguzi wawili. Troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia) hupimwa mchana tu, maabara ikiwa wazi.

Mgonjwa wa kifua akiingia, mambo huenda hivi: anakaa benchi, faili inafunguliwa, presha inapimwa, anasubiri kuonwa, anaandikiwa ECG, na mashine inafuatwa wadini. Karatasi ikishatoka unaanza mjadala wa kumpeleka Mombasa. Kuna wanaosema dawa ya kuyeyusha donge la damu tusiiguse, maana damu ikivuja kichwani hapa hatuna wa kumwokoa, heri asafirishwe. Wengine wanasema apewe hapa hapa. Wakati watu wanabishana misuli ya moyo inakufa.

Naomba wenye ujuzi mnieleze tuanzie wapi, na makosa gani hutokea kwa vifaa kama hivi. Nataka jambo la kubandika ukutani na kufundisha zamu ya usiku, si nadharia.

Tabibu wa Moyo (Mombasa)

Wa aleikum salaam dada. Naanza na huo mjadala wa Mombasa, kwa kuwa jibu lake halibadiliki na halina haja ya kujadiliwa upya kila usiku.

Kanuni ni hii: ikiwa ECG imeonyesha ST imepanda (kipande cha mstari kinachofuata pigo kubwa, dalili ya mshipa kuziba), na kutoka ECG hiyo hadi waya wa katheta, mrija mwembamba wa kuzibulia mshipa, upite kwenye mshipa ulioziba haiwezekani ndani ya dakika 120, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha donge hapo alipo, kisha ndipo asafirishwe. Sasa hesabu njia ya Lamu. Boti hadi Mokowe, gati la bara, halafu barabara ya zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, na safari za usiku kwenye barabara ya Garsen mara nyingi huwa na masharti ya usalama. Ukitaka ndege, uvuke hadi kisiwa cha Manda penye uwanja wa ndege, ndege ipatikane, itue, mgonjwa ashushwe, apakiwe tena kwenye ambulansi, na timu ya katheta iwe imeshaitwa. Dakika 120 zimeisha zamani. Wenzetu wa Malindi pia wasijidanganye na zile kilomita 120: gari peke yake ni kama saa mbili. Kwa hiyo andikeni ukutani: ST IMEPANDA, HANA KIZUIZI, ANAPEWA HAPA.

Hofu ya damu kuvuja kichwani ni ya haki, ila ipimwe. Hutokea kwa karibu mtu 1 kati ya 100, na kwa streptokinesi ni chini kidogo ya hapo. Uweke upande wa pili utafiti wa ISIS-2 uliotoka mwaka 1988, wagonjwa 17,187. Wasiopata aspirini wala streptokinesi, asilimia 13.2 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya wiki 5. Waliopata vyote viwili, asilimia 8.0. Waliokufa kwa damu kuvuja ubongoni wamo ndani ya hesabu hiyo. Yaani hata baada ya kulipa gharama ya kuvuja damu, bado kuna watu 5 hivi katika kila 100 walio hai. Aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo, na aspirini mnayo.

Nani apewe? Maumivu yasizidi saa 12 tangu yaanze, na ST iwe imepanda katika njia mbili zinazopakana: mraba mdogo 1 au zaidi kwa njia zote isipokuwa V2 na V3, ambazo ni za kifuani. Kwa V2 na V3 mwanamume wa miaka 40 na kuendelea ni miraba 2, chini ya 40 ni 2.5, mwanamke 1.5. Ukiona ST imeshuka V1 hadi V3 usiseme haraka kwamba haimhusu. Bandika elektrodi tatu mgongoni, V7 hadi V9, huenda ni ukuta wa nyuma wa moyo ulioziba. ST ikiwa imeshuka tu mahali pengine, bila kupanda popote, dawa ya kuyeyusha HAPEWI. Hainufaishi, na hatari ya kuvuja damu iko pale pale. Huyo ni aspirini, klopidogreli, enoksaparini, na ECG irudiwe.

Vizuizi msivifanye orodha ya kitabuni. Viwe maswali ya kumuuliza mgonjwa na jamaa zake kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti wakati ECG inapigwa:

Umewahi kuambiwa damu imevuja kichwani, wakati wowote maishani? Umepooza upande mmoja ndani ya miezi 6? Una uvimbe kichwani? Umefanyiwa upasuaji mkubwa, umeanguka vibaya au kuumia kichwa mwezi huu? Umetapika damu au kupata choo cheusi kama lami mwezi huu? Una ugonjwa wa damu kutoganda, au unakunywa wafarini? Una mimba, au umejifungua juzi? Umewahi kupewa streptokinesi?

Halafu maumivu: yalikuja ghafla kama kitu kinapasuka, yakaenda mgongoni? Pima presha mikono yote miwili. Zikipishana zaidi ya 20, fikiria mshipa mkuu umechanika, na hapo dawa hii itamuua. Presha ikiwa juu ya 180/110, ishushwe kwanza ndipo mwendelee.

Oksijeni mpeni ile ya damuni ikiwa chini ya asilimia 90 tu. Naitareti (dawa ya kupanua mishipa) chini ya ulimi msimpe ikiwa namba ya juu ya presha iko chini ya 90, wala aliyetumia dawa ya nguvu za kiume: saa 24 kwa sildenafili, saa 48 kwa tadalafili. Mwulizeni faragha, mkewe na wanawe wasiwepo, la sivyo atakataa.

Fundi wa ECG (Malindi)

Mimi naingia kwenye mashine, maana tabibu hapo juu amedhani karatasi itatoka safi.

Lengo ni ECG ndani ya dakika 10 tangu mguu uvuke mlango. Haitawezekana ikiwa mashine inalala wadini. Ilale kasualti, juu ya toroli yake, kwenye chaji, na toroli isibebe kitu kingine. Faili baadaye. Mlinzi wa getini na karani wa mapokezi wafundishwe maneno machache ya kuwafanya wamlete mtu moja kwa moja: kifua kinabana, jasho jembamba la ghafla, pumzi imekata, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, na kwa mwenye sukari, mzee au mama mtu mzima, hata "riahi" au chembe ya moyo inayouma bila sababu. Wanaoondoka na dawa ya vidonda vya tumbo huku ukuta wa chini wa moyo umeziba ni wengi mno.

Kubandika. V1 na V2 ndizo zinazokosewa zaidi, zinawekwa juu mno. Usikisie. Weka kidole kwenye shimo la koo, telezesha chini juu ya mfupa wa kifua hadi ukute kinundu. Pembeni ya kinundu hicho ndipo ubavu wa pili unaposhika. Nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Hesabu: ya tatu, ya nne. V1 nafasi ya nne kulia kwa mfupa, V2 nafasi hiyo hiyo kushoto. Kisha ruka uende V4: nafasi ya tano, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 iwe katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zikae usawa mmoja na V4, V5 mwanzo wa kwapa, V6 katikati ya kwapa. Zisipande kufuata ubavu. Kwa mwanamke, titi linyanyuliwe na V4 iwekwe chini yake. Chuchu si alama ya kitu chochote.

Na hapa niseme jambo ambalo vitabu havisemi: mama wa Kiamu hatavua buibui kwenye chumba chenye mlango wazi, na muuguzi mwanamume akiona haya ataweka elektrodi juu ya nguo ya ndani au juu kabisa ya titi. Wekeni leso mbili safi kwenye toroli ya ECG. Moja ya kumfunika, anafunuliwa kipande kimoja kimoja. Pazia livutwe. Dakika mbili zinazopotea kubishana juu ya nguo zinamalizwa na leso.

Ngozi. Joto letu na jasho la mshtuko hufanya elektrodi iteleze na mstari uyumbe kama mawimbi. Futa kwa shashi, kausha, nywele nyoa kwa wembe. Elektrodi zikishatoka kwenye pakiti hukauka jeli, pakiti ifungwe kwa klipu na iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Mstari ukiwa na meno madogo madogo yanayofanana, ni umeme wa ukutani au jenereta: chomoa waya, piga kwa betri. Ukiwa na mtetemo usio na mpango, mgonjwa anatetemeka au mikono imening'inia. Mlaze, mikono iegemee godoro.

Kabla ya kusoma kitu chochote angalia mambo matatu. Kasi 25 mm kwa sekunde. Kipimo 10 mm kwa milivolti. Na njia ya aVR: mawimbi yake kwa kawaida huelekea chini. Ukiyaona yameelekea juu na njia ya I imepinduka, waya wa mkono wa kulia na wa kushoto umebadilishana. Rekebisha, piga tena.

Ikiwa njia za II, III na aVF, za ukuta wa chini wa moyo, zimepanda, hamisha V4 upande wa kulia wa kifua mahali pale pale. Ikipanda hata mraba 1, chumba cha kulia cha moyo kimeguswa. Mgonjwa huyo anaishi kwa maji: naitareti marufuku, na presha ikishuka apewe salini (maji ya chumvi ya dripu), mililita 250 kwanza, mapafu yasikilizwe.

Ya kwanza ikiwa safi na maumivu yapo, rudia kila dakika 15 hadi 30. Elektrodi ziache mwilini, au weka alama kwa kalamu, ili karatasi ya pili ilinganishwe na ya kwanza.

Mfamasia wa Zamu (Malindi)

Dozi na mchanganyiko. Mtu asitegemee kumbukumbu saa nane za usiku.

Aspirini 300 mg, ATAFUNE. Za 75 mg ni vidonge 4. Zenye ganda la kulinda tumbo nazo atafune, akizimeza nzima zitachelewa. Klopidogreli 300 mg, yaani vidonge 4 vya 75 mg. Akizidi miaka 75, kidonge 1 tu.

Streptokinesi: yuniti milioni 1.5, dozi moja, haipimwi kwa uzito. Ingiza salini mililita 5 kwenye chupa ukielekeza maji yateremke ukutani mwa chupa, si katikati ya unga. Usitikise. Zungusha polepole kati ya viganja hadi unga uishe. Ukitikisa hutoa povu, na utashindwa kuivuta yote. Kisha tia kwenye salini mililita 100 na ipite kwa dakika 60. Kama hamna pampu, seti ya matone 20 kwa mililita ni matone 33 hadi 35 kwa dakika. Seti ndogo ya matone 60 kwa mililita ni matone 100 hadi 105. Andikeni idadi hizi kwenye plasta, ibandikwe kwenye dripu.

Kabla ya kufungua dripu: kanula mbili, moja kila mkono, na damu ya maabara itolewe sasa, kwani baada ya hapo kila tundu litavuja. Sindano ya msuli HAKUNA. Narudia kwa sababu ni kosa la kila siku: mtu wa kifua anafika, anachomwa diklofenaki tako ili maumivu yatulie, halafu ndipo ECG inapigwa. Diklofenaki na jamii yake humdhuru mwenye mshtuko wa moyo, na tundu la msuli baada ya streptokinesi hujaa damu paja zima. Maumivu yatulizwe kwa mofini ya mshipani, 2 hadi 4 mg, kwa uangalifu, maana pia huchelewesha vidonge kufyonzwa.

Presha kila dakika 5 wakati dripu inapita. Itashuka kwa wengi, na hapo ndipo watu huogopa wakaitupa dawa. Ikiwa chini ya 90: funga dripu, mlaze, inua miguu, naitareti ikomeshwe, salini kama mapafu ni safi. Presha ikirudi, fungua kwa nusu ya kasi na umalizie. Kutetemeka kwa baridi na vipele hutokea pia. Koo au uso ukivimba na pumzi ikipiga filimbi, hiyo ni mzio mkali: simamisha moja kwa moja, na adrenalini.

Akianza kuumwa kichwa ghafla, kutapika, kusinzia au kulegea upande mmoja, funga kila kitu pamoja na enoksaparini, linda njia ya hewa, apelekwe penye mashine ya CT, ya kupiga picha ya ubongo.

Enoksaparini: chini ya miaka 75, 30 mg mshipani, na baada ya dakika 15 mg 1 kwa kilo chini ya ngozi ya tumbo kila saa 12. Dozi mbili za kwanza zisizidi 100 mg kila moja. Wa miaka 75 na zaidi, ile ya mshipani aikose, na ya ngozi iwe 0.75 mg kwa kilo, mbili za kwanza zisizidi 75 mg. Figo zikiwa mbovu sana, mg 1 kwa kilo mara moja kwa siku.

Mkipata tenekteplesi badala yake, ni rahisi zaidi kwa zamu ya watu watatu, sindano moja ya sekunde 5 hadi 10: chini ya kilo 60 ni 30 mg, kilo 60 hadi chini ya 70 ni 35, hadi chini ya 80 ni 40, hadi chini ya 90 ni 45, kilo 90 na zaidi ni 50. Mwenye zaidi ya miaka 75, nusu. Mrija uoshwe kwa salini kabla na baada. Ikikutana na dekstrosi (maji ya sukari) huganda ndani ya mrija.

Aliyepata streptokinesi leo asipewe tena siku za usoni, mwili huiundia kinga. Aandikiwe kwenye kadi anayobeba mwenyewe, si faili tu.

Na jambo la kabati. Dawa ikiwa stoo kuu na ufunguo uko kwa mtu aliyelala mtaa wa Langoni, dawa hiyo haipo. Dozi mbili zikae kasualti ndani ya sanduku lenye lakiri ya plastiki, pamoja na vidonge vilivyohesabiwa, salini, seti, kanula, na ile karatasi ya maswali. Lakiri ikikatwa, sanduku lijazwe kabla zamu haijaondoka. Joto la kuhifadhi lisomwe kwenye boksi la kila toleo, hutofautiana. Inayokaribia kuisha muda, miezi mitatu kabla, ihamishiwe hospitali yenye wagonjwa wengi, Malindi au Mombasa, na nyinyi mpewe mpya.

Muuguzi wa Kasualti (Lamu)

Allah awalipe kheri. Hilo la diklofenaki na la leso nimeshaliandika kwenye ubao wa zamu.

Nimebaki na mawili. Usiku nani mwenye mamlaka ya kusema "apewe"? Na baada ya dripu, safari yenyewe: tunamtia botini lini, na na nini?

Tabibu wa Moyo (Mombasa)

La mamlaka limalizwe mchana, kwa maandishi. Mkuu wa hospitali atie saini utaratibu unaomruhusu afisa wa kliniki kuanza vigezo vikitimia. ECG ipigwe picha, karatasi ilale tambarare, njia zote 12 zionekane, jina lifunikwe, itumwe kwa daktari mliyekubaliana naye. Asipojibu ndani ya dakika 5 na ST imepanda waziwazi, endeleeni. Picha hiyo itawafaa tena, kwani karatasi ya ECG hufifia kwa joto.

Jamaa waelezwe kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mshipa wa moyo umezibwa na donge la damu. Tuna dawa ya kuliyeyusha. Katika watu 100, mmoja hivi huvuja damu kichwani. Tusipompa, hatari ya kufa ni kubwa zaidi." Semeni mkiwa mnachanganya dawa.

Safari: msingoje kuona kama dawa imefanya kazi ndipo muanze kutafuta boti. Piga simu wakati dripu inafunguliwa. ECG irudiwe dakika 60 hadi 90 baada ya kuanza dawa. Ile njia iliyopanda zaidi ikiwa imeshuka nusu au zaidi, na maumivu yametulia, mshipa huenda umefunguka. Aondoke hata hivyo, apigwe picha ya mishipa ndani ya saa 2 hadi 24. Haikushuka nusu, huyo ni wa haraka kabisa, mtafutieni ndege. Mapigo mapana ya taratibu, 60 hadi 100 kwa dakika, mara nyingi hutokea mshipa ukifunguka. Presha ikiwa nzuri, yaacheni yapite.

Nahodha wa Dharura (Lamu)

Upande wa maji, dada yangu.

Mgonjwa asitembee. Vichochoro vyetu haviingii gari, machela ibebwe na watu wanne, na ngazi za gati asizipande wala kuzishuka kwa miguu yake hata akisema ana nafuu. Maji yakiwa yametoka ngazi ni ndefu na zina utelezi. Bamvua linapotoka, njia za maji mafupi hufungwa kabisa kwa boti kubwa, kwa hiyo kalenda ya maji iwe ukutani kasualti kando ya namba za manahodha. Kwa wenzetu wa upande wa Pate hilo ndilo linaloamua saa ya kuondoka.

Machela iwekwe katikati ya boti kuelekea tezi, si omo. Omo ndiko boti inakopiga mawimbi. Kichwa kiinuliwe kidogo, machela ifungwe, mtungi ufungwe peke yake. Oksijeni ihesabiwe: mtungi wa lita 340 kwa lita 4 kwa dakika unaisha dakika 85, na huo ni mlango wa Mokowe tu na mwanzo wa barabara. Muuguzi na mgonjwa wote wavae jaketi za kuelea. Mashine ya kushtua iwe ndani ya mfuko usioingia maji, pedi zimeshabandikwa kifuani kabla ya kutoka wadini, kwa sababu kwenye boti yenye upepo kifua kilicholowa pedi hazishiki. Moyo ukisimama kwa mtetemo, kifua kikaushwe, kila mtu aachie, hata aliyeshika chuma cha machela, ndipo ushtue. Moto wa injini upunguzwe wakati wa kushindilia kifua.

Takwimu za Hospitali (Kilifi)

Naongeza upande wa kupima, kwa ufupi, kisha jambo moja kwa urefu.

Brazil walijaribu katika hospitali 34 za umma, matokeo yakatoka 2012: karatasi ya hatua, bangili ya rangi mkononi mwa mgonjwa wa kifua, na mtu mmoja wa kufuatilia. Waliopata dawa zote walizostahili ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 67.9, kwenye hospitali zisizobadilisha kitu 49.5. Kerala, India, walifanya kitu kikubwa zaidi katika hospitali 63, wagonjwa 21,374, yakatoka 2018. Huko huduma ilikuwa nzuri kiasi tangu mwanzo, na baada ya marekebisho ya hesabu tofauti ya vifo na madhara makubwa haikuthibitika. Nionavyo mimi, karatasi husaidia pale penye pengo. Kwa hiyo lijueni pengo lenu kwanza. Rejesta moja, safu saba: maumivu yalianza lini, alifika lini, ECG lini, uamuzi lini, dripu ilifunguliwa lini, aliondoka lini, na sababu ya kuchelewa kwa neno moja. Kikao cha nusu saa kila mwezi, kesi zote, bila kumlaumu mtu. Lengo la mlango hadi dripu ni dakika 30.

Sasa lile la urefu: saa. Mgonjwa akisema maumivu yameanza "saa tatu usiku" anamaanisha 21:00. Aliyezoea kuandika kwa tarakimu anaandika 3, na wa zamu inayofuata anasoma 03:00. Mtu huyo akifika saa tano asubuhi, yaani 11:00, ukweli ni saa 14 zimepita. Rejesta itasema saa 8. Mmoja yuko nje ya saa 12, mwingine ndani. Kosa hili linageuka upande wa pili pia: anayestahili dawa ananyimwa. Muulizeni kwa adhana: ilikuwa kabla ya Isha au baada? Alfajiri ilikuwa imeadhiniwa? Kisha muandike kwa saa 24, kwa kutazama saa moja tu ya ukutani ya kasualti, si simu ya kila mtu. ECG nayo ina saa yake ndani, na betri yake ikifa hurudi tarehe ya kiwandani. Irekebishwe kila Jumatatu.

Mfamasia wa Zamu (Malindi)

Nilisahau wa kurudi nyumbani. Aspirini 75 hadi 100 mg kila siku maisha yake, klopidogreli 75 mg miezi 12, atovastatini 40 hadi 80 mg usiku, na dawa za presha na za kupunguza kasi ya moyo kadiri ya hali yake. Apewe za mwezi mzima siku ya kutoka, wengi huacha kwa sababu ya nauli ya boti, si kwa ukaidi. Mwezi wa Ramadhani ukimkuta ndani ya wiki 6 za kwanza asifunge, na aambiwe mapema ili aulize sheikh wake akiwa bado na muda. Miraa na muguka aulizwe waziwazi, zinabana mishipa ya moyo.

Muuguzi wa Kasualti (Lamu)

Nimepata. Tunaanza na sanduku, leso na saa ya ukutani wiki hii. Fundi, karatasi ya ECG inayoisha bila kujulikana tuifanyeje?

Fundi wa ECG (Malindi)

Rola nyingi huchapwa mstari mwekundu pembeni zikikaribia kuisha. Ukiuona, badilisha siku hiyo hiyo, usingoje iishe. Rola mbili za akiba zikae ndani ya toroli, kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na dirisha. Na kila asubuhi anayepokea zamu achape mstari mfupi mmoja bila mgonjwa, aandike tarehe, aukate na kuutia kwenye rejesta. Kwa kipande hicho cha sentimita kumi utajua karatasi ipo, kichwa cha kuchapa ni kizima, betri ina chaji na saa ya mashine haijapotea.